Sanduku la huduma ya kwanza la dukani au mfuko wa kujipangia? Ulinganisho kwa familia inayovuka mpaka kutoka Kigoma

Foleni ya Manyovu siku ile ilikuwa ndefu, jua la saa saba liko utosini, na mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa ameshaharisha mara tatu tangu tuondoke Kigoma mjini. Nilikuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Jipya, la kijani, lina msalaba mweupe kwenye mfuniko. Nilikuwa nimelinunua wiki hiyo hiyo kwa ajili ya safari ya Bujumbura. Nikalifungua mapajani. Bandeji sita, plasta, mkasi, glavu, pini, kitambaa cha pembetatu cha kuning'inizia mkono uliovunjika, na kijitabu cha maelezo kwa lugha ambayo hata herufi zake sikuweza kuzisoma. Cha kumsaidia mtoto anayeharisha hakikuwemo hata kimoja.

Mama mmoja nyuma yetu, aliyekuwa na magunia yake ya dagaa, akafungua fundo la khanga akatoa vipaketi viwili vya ORS, ile chumvichumvi ya kukoroga kwenye maji ya kumnywesha anayeharisha. "Shika mwanangu," akasema. "Lakini tafuta chupa ya lita nzima. Usije ukakoroga kwenye hiyo ndogo."

Chupa niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya nusu lita. Asingenikataza, ningemimina kipaketi kizima humo.

Tangu siku hiyo, kila tunapojiandaa kusafiri swali ni lile lile, na majirani zangu wa Mwanga na Ujiji wenye ndugu Burundi, Kongo, Zambia na Omani huniuliza pia: ninunue sanduku lililokwisha kufungwa, au niende duka la dawa nijipangie mwenyewe? Nimesafiri na vyote viwili, na tofauti yake naijua kwa watoto wangu mwenyewe.

Sanduku la tayari linajua kidonda, halijui homa

Nianze na haki yake. Sanduku la tayari linakuokolea muda. Vitu vimekaa mahali pamoja, bandeji na gozi ziko kwenye karatasi zake zilizofungwa, na sanduku lenyewe mara nyingi ni gumu, halipondeki chini ya mabegi ndani ya basi. Mtu anayesafiri kesho asubuhi na leo bado yuko sokoni, hili litamfaa kuliko kukosa kabisa. Na likitokea jeraha kubwa, mguu umechanwa na bati au kichwa kimegonga ukingo wa kiti, utafurahi kuwa na bandeji pana na gozi nyingi za kugandamizia damu. Mfuko wa kujipangia, nimeona mara nyingi, unakuwa na plasta nane ndogo za kidoleni na hauna kitu cha kuzuia damu inayotoka kweli kweli.

Shida yake ni kwamba mengi ya masanduku haya yamepangwa kwa ajili ya karakana, ofisi na magari, mahali ambapo watu wazima hujikata na kuungua. Watoto safarini hujikwaa, ndiyo, lakini zaidi wanaugua. Wanatapika kwenye kona, wanaharisha kwa maji ya mahali pageni, homa inapanda usiku. Dawa za kumeza hazimo kwenye mengi ya masanduku hayo, na hata zingekuwemo zisingekuwa za uzito wa mtoto wako.

Ukiamua kulinunua, lifungue kabla ya kulipa. Bonyeza plasta moja uone kama gundi bado inashika, maana sanduku lililokaa dirishani juani linakausha gundi. Soma tarehe kwenye gozi: nazo zina mwisho wake, siyo dawa tu. Jaribu mkasi kwenye kipande cha kitambaa. Ule wa kwangu haukukata hata uzi.

Mfuko wa kujipangia unaanzia kwenye mzani

Mara ya kwanza nilipokwenda kujipangia, dada wa duka la dawa hakuniuliza tunakwenda wapi. Aliniuliza, "Mama, watoto wana kilo ngapi?" Nikasema mmoja ana miaka saba, mwingine minne. "Hapana, miaka najua. Kilo." Sikujua. Alinirudisha nyumbani, nikawapima kituo cha afya kesho yake, na sasa naona ndilo swali lenye maana kuliko yote.

Chukua parasetamoli. Dozi ya mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara nne kwa siku nzima. Dawa ya maji tuliyoizoea hapa huwa na miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto wa kilo 10 akipewa mililita 5 amepata miligramu 120, yuko sawa. Mtoto wa kilo 20 anahitaji karibu mara mbili yake. Sasa vuka mpaka, chupa imeisha, unanunua nyingine ng'ambo: zipo za miligramu 250 katika mililita 5 zile zile. Kijiko ni kile kile, dawa ni zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mimi sihesabu vijiko, nahesabu miligramu, na ndani ya mfuko naweka bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, jipya, la kupimia dawa ya maji. Kijiko cha chai cha nyumbani kinadanganya, kila nyumba kina ukubwa wake. Na ukiwa Marekani usitafute parasetamoli kwa jina hilo. Kule dawa hiyo hiyo huitwa asetaminofeni. Mtu anaweza kumpa mtoto zote mbili akidhani ni dawa tofauti, na ini likaumia.

Kisha kuharisha. Hapa ndipo mfuko wa kujipangia unapolishinda sanduku la dukani bila ubishi. Weka vipaketi vya ORS visivyopungua vinne kwa kila mtoto, na vidonge vya zinki. Sisi wa Kigoma hatuna haja ya kukumbushwa: mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kipindupindu kilizuka pale ufukweni, na watu waliona kwa macho jinsi mwili unavyokauka kwa saa chache.

Kipaketi kimoja cha kawaida ni cha lita moja kamili ya maji safi. Ukikikoroga kwenye nusu lita, chumvi inazidi na mtoto anaumia zaidi. Ukikikoroga kwenye lita moja na nusu, inapungua nguvu. Kwa hiyo kwenye mfuko wetu kuna chupa tupu ya lita moja, safi, haitumiwi kwa kitu kingine. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa kidogo 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena kwa kijiko kimoja kimoja, polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea, na 10 kwa mdogo zaidi, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Vipaketi vikiisha kabisa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, kwenye lita moja ya maji safi, vitakuvusha hadi upate msaada. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, mtoto amelegea au hawezi kunywa, mfuko wako umefika mwisho. Tafuta hospitali, iwe ni nchi gani.

Dawa za kufunga tumbo za watu wazima usimpe mtoto. Aspirini pia usimpe. Na antibayotiki zile watu wanazoweka "kwa tahadhari" bila kuandikiwa na daktari, mimi nimeziondoa kabisa kwenye mfuko. Nazitaja kwa sababu najua ziko kwenye mifuko mingi ya wasafiri wa hapa, na mtoto anayeharisha kwa kawaida anahitaji maji, siyo vidonge hivyo.

Vitu vidogo ambavyo uchaguzi wake una maana

Kipimajoto cha zebaki au cha betri? Cha betri. Cha kioo kikivunjika kwenye basi, zebaki inatawanyika kwenye viti, na kwenye begi la mkononi la ndege kitakuletea matatizo. Nchi nyingi zilikubaliana katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaohusu zebaki, kuviondoa vipimajoto hivyo sokoni. Nunua betri ya akiba tu. Ukipima kwapani, 37.5 na zaidi ni homa.

Kuosha kidonda: watu hubishana spiriti au ayodini. Maji safi mengi na sabuni kwanza, ndiyo yanayofanya kazi kubwa. Ayodini kidogo baadaye inatosha. Spiriti iache kwa kusafishia mkasi na kibano. Ukiimwaga kwenye kidonda kibichi inachoma nyama, na mtoto hatakuruhusu tena kumshika. Na aliyeungua apoeshwe kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, hata kama foleni inasogea. Mawese, dawa ya meno na unga wa ngano, vyote hivyo huku kwetu watu hupaka, vinashikilia joto na kuleta uchafu. Ndani ya mfuko hakuna haja ya kitu zaidi ya gozi safi ya kufunika.

Vidonge vya kutibu maji: soma pakiti. Vile vingi vinavyouzwa hapa kimoja ni cha ndoo ya lita 20. Havifai kutumbukizwa kwenye chupa.

Chombo chenyewe, kati ya sanduku la bati, begi la kitambaa na kontena la chakula la plastiki lenye mfuniko wa kubana, nachagua la mwisho. Bati linapata kutu, begi linalowa. Nimesafiri kwa boti kutoka Kibirizi ziwa likiwa limechafuka, maji yakatufika magotini, na kontena likaelea na kila kilichokuwa ndani kikatoka kikavu. Usifunge dawa kwenye mifuko ya nailoni kama safari inapita Rwanda. Wao walipiga marufuku mifuko hiyo tangu mwaka 2008 na hawana mzaha nayo, na hapa kwetu nayo imekatazwa tangu Juni 2019.

Njia inabadilisha jibu

Kwa gari hadi Bujumbura, ambako njia nzima ina miji, hospitali na maduka ya dawa, mfuko mdogo wa kujipangia unatosha: homa, ORS, kichefuchefu, gozi chache. Tatizo kubwa la barabara ile ni kona na vilima. Mkalishe mtoto mbele, aangalie mbali nje, asishike simu. Dawa ya prometazini inasaidia lakini inalaza sana, na haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili.

Kwa maji hadi Mpulungu, Zambia, ni habari nyingine kabisa. Ukiwa kwenye meli unashinda na kulala ziwani, meli inasimama vijijini, watu wanapanda na kushuka kwa mitumbwi hata usiku, na duka la dawa hakuna mpaka ufike. Hapa napenda vyote viwili, sanduku la tayari kwa majeraha na mfuko wa dawa, na vipaketi vya ORS mara mbili ya kawaida. Nanga, kamba na ngazi zenye maji, watoto wanateleza. Hii ndiyo safari pekee ambayo bandeji zangu sita zimewahi kwisha zote.

Kwa ndege, kwa mfano kwenda Muscat kwa ndugu au Jeddah kwa Umra, sanduku la tayari linakuwa mzigo. Mkasi unaweza kuondolewa kwenye begi la mkononi, au itabidi uuweke kwenye mzigo wa chini. Vimiminika kwenye viwanja vingi ni chupa zisizozidi mililita 100 ndani ya mfuko mmoja unaoonekana, ila dawa inayohitajika safarini huruhusiwa ukiitoa na kuionyesha. Insulini, dawa ya pumu na dawa ya mtoto visiende chini kamwe. Mzigo ukichelewa siku mbili, utazihitaji hizo siku mbili.

Na kwa ndege ndipo sheria za dawa zinapouma. Tramadoli na kodeini za maumivu, na diazepamu ya kutuliza, ni dawa zinazodhibitiwa vikali nchi za Ghuba, hata kwa msafiri mwenye cheti halali, na baadhi ya nchi zinataka kibali kabla hujafika. Bibi anayesafiri nanyi akiwa na vidonge vyake vya maumivu kwenye karatasi ya gazeti anaweza kuzuiwa uwanjani. Kila dawa ibaki kwenye boksi lake la asili, lenye jina la mgonjwa, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza. Kwa Burundi na Kongo, ukiweza pata na ya Kifaransa. Beba kiasi cha safari. Hapo sanduku la tayari lina nafuu moja ya kweli: kwa kuwa halina dawa, ukiacha mkasi hakuna afisa atakayeliuliza chochote.

Karatasi nazo ni sehemu ya mfuko. Burundi na Kongo wanadai kadi ya homa ya manjano, na chanjo ichomwe si chini ya siku 10 kabla. Tangu mwaka 2016 kadi moja ni ya maisha, kwa hiyo usikubali kuambiwa imekwisha miaka kumi. Wanaokwenda Umra au Hija wawe na cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo siku 10 kabla ya kufika.

Malaria tunaibeba sisi

Jambo hili sijaliona kwenye sanduku lolote la dukani, na ndilo ninaloomba kila mzazi wa Kigoma alisome mara mbili. Maelezo mengi ya wasafiri yameandikwa kwa mtu anayekuja kwenye malaria. Sisi tunaondoka kwenye malaria. Mtoto aliyeumwa na mbu Ujiji Jumatatu anaweza kupata homa wiki mbili baadaye akiwa kwenye nchi ya baridi, na daktari wa kule akamtibu mafua, kwa sababu malaria haimo akilini mwake. Kwa mtoto mdogo siku moja ya kuchelewa ni hatari.

Kwa hiyo kwenye kontena letu, juu kabisa, kuna karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba watoto hawa wanaishi eneo la malaria, na kwamba wakipata homa wapimwe malaria siku hiyo hiyo. Naionyesha mapokezi kabla sijaketi. Dawa mseto nabeba ikiwa tu daktari ameniandikia; sianzi kumpa mtoto bila kipimo. Na upande wa pili, ndugu wanaoleta watoto waliozaliwa Muscat au London kuja kuwaona babu na bibi Kigoma wasidhani damu ya Kigoma inawakinga. Hao ni wageni kwa malaria, watumie chandarua chenye dawa na waulize daktari dawa ya kinga kabla ya kuja.

Akishikwa na degedege kwa ajili ya homa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimshike kwa nguvu, angalia saa, kisha hospitali.

Basi uchukue lipi?

Mwenye watoto, anayekwenda kwa gari au ndege: jipangie. Kwa bei ya sanduku moja la kati nilipata ORS, zinki, parasetamoli ya maji na ya vidonge, kipimajoto, gozi, bandeji mbili, glavu na ayodini, na chenji ikabaki. Watu wazima watupu, au timu ya vijana inayokwenda kucheza mpira ng'ambo, sanduku la tayari linawatosha wakiongeza ORS na dawa ya maumivu. Anayepanda meli, achukue vyote viwili. Asiye na muda wa kwenda duka la dawa kabisa, anunue la tayari, atoe nusu ya pini na vikorokoro, na nafasi hiyo ajaze ORS.

Mimi nilichofanya ni kuchukua lile sanduku la kijani la Manyovu, nikatoa bandeji zake nzuri na glavu, nikazihamishia kwenye kontena. Mkasi nilinunua mwingine. Ndani ya mfuniko nimebandika karatasi yenye jina la kila mtoto, kilo zake, dozi yake ya parasetamoli kwa miligramu, na ugonjwa wake au dawa isiyopatana naye. Tunaondoka Ijumaa, na jana tuliwapima tena: yule wa pili ameongezeka kilo tatu tangu safari ya mwisho, nikafuta dozi ya zamani nikaandika mpya. Chupa ya lita moja nimeshaiosha, iko juu ya meza inakauka, na kando yake kuna vipaketi viwili nilivyovifunga kwenye pembe ya khanga yangu.